Majirani wa Neno Chai

Neno la kwanza kumrudia Wilf Ackroyd baada ya kiharusi lilikuwa tusi, na aliyetusiwa ni daktari. Lilitoka zima, safi, kwa sauti yake mwenyewe ya zamani, na Edna mkewe akafurahi hadi machozi yakamlengalenga.

"Umesikia?" akamwambia binti yao, Hazel. "Amesema!"

"Wadi nzima imesikia, mama."

Lakini baada ya hapo halikuja neno jingine. Mkono wa kulia ulilala juu ya blanketi kama glavu iliyosahauliwa, mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja, na kila alipotaka kitu alikodoa macho, akapandisha pumzi, kisha akatoa mlio usiofika popote. Mzee aliyezoea kubishana na redio sasa alikuwa akishindwa kuomba mto.

Wiki iliyofuata akaja mwalimu wa kuwafundisha wagonjwa kusema tena, msichana mmoja wa kutoka Welisi aliyeitwa Bronwen, mwenye sweta kubwa kuliko mwili wake. Akawaeleza kwamba matusi hukaa mahali pengine kichwani, hujitokea yenyewe kama chafya, wasiyahesabu. Maneno ya kawaida ndiyo yaliyopotea njia.

"Ila hayajafa, Bi Ackroyd," alisema. "Yamejificha. Ukilisaka neno moja kwa moja, linazidi kujificha. Lakini kila neno lina majirani zake, maneno ambayo limetembea nayo maisha yote. Chagueni jina la kitu kimoja tu cha nyumbani, kitu alichokuwa akikitaja kila siku. Usimtajie lenyewe. Mtajie jirani, kisha unyamaze, umwachie nafasi alilete mwenyewe."

"Chagueni bia," alisema Hazel. "Kesho tu atakuwa ameshapona."

"Baba yako anakunywa bia Ijumaa tu," Edna akamkata.

"Kuanzia Ijumaa mpaka Alhamisi."

Wilf akacheka kwa ule upande wa mdomo uliobaki mzima. Edna akamtazama, akapanga blanketi ambalo halikuwa na shida yoyote.

"Chai," alisema. "Tutachukua chai."

"Vizuri sana. Na sheria ni moja tu: usimmalizie. Hata kama utakaa hapo mpaka giza liingie. Ukimmalizia, umempokonya."

Kwa Edna kungoja midomo ya mtu halikuwa jambo geni. Alikuwa ameingia kiwanda cha pamba pale Todmorden, kaskazini mwa Uingereza, akiwa bado na nywele za kusuka mikia miwili, na mle ndani mitambo ya kufumia ilivuma mpaka sakafu ikatetemeka. Hakuna aliyepiga kelele, maana ingekuwa kazi bure. Wafumaji wote walisemezana kwa midomo, bila sauti, toka upande huu wa ukumbi mpaka ule, na walisengenyana raha mustarehe mbele ya msimamizi asiyeambulia kitu. Wilf alikuwa fundi wa kurekebisha mitambo. Alimposa Edna hivyo hivyo, amesimama na spana mkononi ng'ambo ya mitambo, midomo ikienda taratibu ili asikosee hata herufi, na wanawake wote wa safu ile walisoma posa kabla Edna mwenyewe hajamaliza kuisoma. Kiwanda kilifungwa zamani, na mitambo iliondoka na nusu ya masikio ya Edna. Lakini midomo aliendelea kuisoma, ya mtu yeyote, hata nyuma ya kioo cha basi.

Basi akakaa kando ya kitanda, akaanza.

"Kikombe cha…"

Wilf akapambana. Shingo ikavimba. "Kikombe cha… cha… sabuni."

"Kikombe cha…"

"Cha… buti."

"Kikombe cha…"

Akaendelea hivyo siku baada ya siku. Baadhi ya wageni wa wagonjwa wengine walimwona kama mama aliyechanganyikiwa, akirudia maneno mawili na kunyamaza, kurudia na kunyamaza. Kuna wakati ulimi ulimwasha Edna mwenyewe. Neno lilikuwa palepale nyuma ya meno yake, dogo, la bure, na mumewe akitokwa jasho kulitafuta. Aliuma midomo. Hakummalizia.

Kisha asubuhi moja, Edna hata hajafikisha nusu, Wilf alisema, "Cha chai."

"Kikombe cha chai!" Edna akapiga makofi.

"Na mimi sista aniletee changu!" akadakia mzee Crabtree wa kitanda cha pili. "Sukari vijiko viwili, na asiniletee ile ya jana, niliona mpaka kitako cha kikombe!"

Kuanzia hapo majirani wakaanza kuingia mmoja mmoja, kila mmoja akimshika mwenzake mkono. Chai kali. Chai chororo. Chai imepoa. Majani ya chai. Mimina chai. Edna alianza, Wilf akamalizia. Halafu ikafika siku Wilf akaanza mwenyewe. Alikuwa ameketi dirishani, akitazama mvua ikiteremka mlimani, na bila kugeuka akasema kwa sauti yake yote, kama mtu aliyeingia tu kutoka kazini na buti bado miguuni:

"Weka birika, kipenzi."

Edna akaenda kulia kwenye korido, karibu na ndoo za usafi, ambako hakuna mtu ambaye angemwona.

Furaha ile haikukaa sana. Sista mkuu aliwaita yeye na Hazel ofisini, akafunga mlango, na Edna alipoona mlango umefungwa akajua.

"Bwana Ackroyd ametembea, amekula mwenyewe, anasema vitu," sista alisema. "Tungependa arudi nyumbani. Tatizo ni wewe, Bi Ackroyd."

Tatizo lilikuwa figo zake. Mara tatu kila wiki gari la hospitali lilikuja kumchukua Edna asubuhi kwenda kusafishwa damu, na likamrudisha mchana umepita, akiwa hoi, miguu haimtii. Asubuhi hizo Wilf angebaki peke yake. Hazel alikuwa anaishi Leicester, na kazi na watoto. Mhudumu wa halmashauri angeweza kupita kidogo, kumvalisha soksi na kuondoka.

"Kwa hiyo tunataka kujua jambo moja tu," sista akaendelea. "Je, anaweza kuachwa? Wiki ijayo mwenzetu atamwingiza jikoni, kile chumba cha majaribio, amwambie atengeneze kikombe kimoja cha chai bila msaada. Akiweza, anarudi nyumbani. Asipoweza, itabidi tumtafutie nyumba ya wazee."

Edna aliposikia hivyo alicheka, akashika kifua kwa kicheko cha mtu aliyepona ajali.

"Chai? Sista, mngetafuta kitu kingine kigumu! Chai ndilo neno letu!"

Walipofika kwenye kibanda cha kituo cha basi, wakasimama wakikung'uta miavuli, Hazel akamgeukia.

"Mama. Baba amewahi kutengeneza chai?"

"Baba yako anajua kila kitu kuhusu chai."

"Sijauliza anajua nini. Nimeuliza kama amewahi kutengeneza."

"Mara moja," alisema Edna. "Ulipozaliwa wewe."

Aliikumbuka siku ile vizuri. Alikuwa kitandani na kichanga, mama mkwe amechelewa basi, na Wilf akashuka jikoni bila kuulizwa. Huko chini vyombo viligongana kwa muda mrefu. Kisha akapanda na kikombe, amekishika kwa mikono miwili, ulimi nje kwa kujitahidi. Edna akaonja, akamcheka mbele ya mkunga. "Chai chororo hii! Maji ya kuoshea vyombo yana nguvu kuliko hii. Toka jikoni kwangu, wewe, rudi kwenye spana zako." Wote walicheka, na Wilf pia alicheka. Hakuingia tena. Toka siku ile yeye alisema "weka birika", na birika likawekwa. Edna hakuona kosa; aliona fahari. Wanawake wengine wa mtaa ule waume zao waliingia jikoni na kuacha masizi kila mahali. Jiko lake lilikuwa lake.

"Si kitu," akamwambia Hazel. "Kichwa kikijua, mkono utafuata."

Wiki nzima akamfundisha maneno kwa mfuatano, kama alivyokuwa akifunga uzi kwenye mtambo. Jaza birika. Weka birika. Pasha buli. Tia majani. Acha ikolee. Mimina. Wilf aliyasema yote bila kukwama. Mzee Crabtree akaomba aamshwe kwa kitu kingine, hata habari za hali ya hewa, maana alianza kuota mabuli.

Sista wa zamu ya mchana, mama mmoja mnene mpole, alisimama siku moja kuwasikiliza.

"Jiko la wadi huwa tupu alasiri, Bi Ackroyd. Mkitaka ajaribu kwa mikono, mimi nitasimama nanyi."

Edna akatazama ule mkono wa kulia juu ya blanketi. Akaona maji yanayochemka, akamwona Wilf akihangaika na kifuniko mbele ya mtu baki, ulimi nje.

"Asante, sista. Ataungua bure. Tunaendelea vizuri hivi hivi." Kisha akainuka. "Ngoja, mzee, nikakuletee moja mwenyewe. Kali."

Siku ya jaribio Wilf alinyolewa, akavalishwa tai. Alitembea na fimbo mpaka kwenye kile chumba cha mwisho wa korido, na kilikuwa jiko kabisa: sinki, kabati, birika la umeme, buli la kahawia, meza yenye kitambaa cha miraba. Kasoro yake pekee ilikuwa mlango wa kioo. Mpimaji aliitwa Verity Stott, mama wa makamo mwenye sauti nyororo. Aliwaomba Edna na Hazel wakae nje, wasiashirie, wasigonge kioo. Mlango ukafungwa, na Edna hakusikia tena kitu. Akabaki na midomo.

Midomo ya Bi Stott ikasema: Bwana Ackroyd, nitengenezee kikombe cha chai.

Uso wa Wilf ukang'aa. Alilijua swali. Alitazama birika, akatazama buli, akanyoosha tai. Kisha akasema, na Edna alisoma kila neno bila shida: Weka birika, kipenzi.

"Amesema!" Edna akamfinya Hazel mkono. "Ameanza vizuri!"

Wilf akavuta kiti kwa mkono wa kushoto. Akakaa mezani. Akauweka mkono mbovu mapajani kama alivyokuwa akiweka gazeti, akageuza uso mlangoni, akamwona mkewe nyuma ya kioo, akamtabasamia. Akangoja.

Bi Stott akarudia ombi lake taratibu. Wilf akaitikia kwa kichwa, kama mtu mwenye subira na mgeni.

Pasha buli, midomo yake ikasema.

Akangoja. Alingoja muda ule ule ambao Edna alichukua siku zote, kutoka kwenye sinki mpaka kwenye rafu.

Tia majani.

Akangoja.

Acha ikolee.

Hapo alingoja zaidi, maana aliipenda kali. Bi Stott alikuwa ameacha kuuliza. Kisha Wilf akasema, mimina, akasogeza mkono wa kushoto juu ya kitambaa cha miraba, akakunja vidole kuzunguka mahali patupu, pale hasa ambapo kikombe chake kilitua kila jioni tangu waoane. Alikuwa bado anamtazama Edna. Alikuwa bado anatabasamu, ila sasa tabasamu lilianza kuuliza.

Edna akasukuma mlango. Hazel alijaribu kumshika koti, halikushikika.

"Amesema yote!" alisema Edna. "Yote, na kwa mfuatano! Hakuruka hata moja!"

"Nimemsikia, Bi Ackroyd," Bi Stott akasema. "Amesema vizuri kuliko wagonjwa wangu wengi. Lakini hakuna chai."

Wote watatu wakatazama meza. Birika lilikuwa halina maji.

"Hajashindwa. Ananingoja mimi. Huyu, maisha yake yote, akisema hivyo mimi naweka. Hamuoni? Alikuwa ananingoja mimi!"

"Naona," alisema Bi Stott, na kweli alionekana kuona, jambo lililozidisha ubaya. "Na asubuhi zile ambazo wewe hupo, atakaa hivi hivi akikungoja."

"Nipeni wiki moja. Wiki moja tu, nimfundishe kwa mikono. Sista aliniambia nitumie jiko, mimi ndiye niliyekataa. Mimi, si yeye."

"Kitanda chake kinangojewa na mtu mwingine, mpendwa. Samahani."

Wilf akamvuta mkewe mkono wa koti.

"Chai," akasema kwa sauti, wazi kabisa, bila jirani yeyote wa kumsaidia. Bronwen alikuwa ameingoja siku hiyo kwa wiki nyingi, na hakuwapo kuisikia.

Edna akajaza birika. Alimtengenezea, pale pale, katika jiko la watu, na hakuna aliyemzuia. Wilf akanywa, akaridhika. Kwake yeye jaribio lilikuwa limeisha vizuri.

Nyumba ya wazee ilikuwa kando ya barabara ya Burnley, safi, yenye joto la kupita kiasi. Hakuna aliyemtendea Wilf vibaya. Chai ilikuja mara nyingi kuliko nyumbani. Ilikuja kwa kigari, kutoka kwenye pipa kubwa la bati lenye bomba, maziwa na sukari vimeshachanganywa humo humo, na ilitiwa kwenye vikombe vya plastiki vyenye mdomo wa kunyonyea, kama vya watoto. Hakuna aliyehitaji kuomba. Hakuna aliyesema kali au chororo, wala kungoja ikolee, wala kumwambia mtu amimine. Kigari kilisikika, kikombe kikawekwa mkononi.

Siku ambazo hakuwa akisafishwa damu, Edna alipanda basi kwenda kwake.

"Kikombe cha…" alianza.

Wilf alifumba macho kutafuta. Sasa ilimchukua muda zaidi. Midomo ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kujikunja, Edna ameshaliona neno likija kwa mbali, pale msichana wa zamu, Shelley, aliposukuma kigari chake ndani.

"Cha chai! Kikombe cha chai, eh, Wilf? Haya hiki hapa, kipenzi!"

Midomo ya Wilf ikafungwa. Akachukua kikombe.

"Binti, ungemwacha," Edna alisema. "Alikuwa analisema."

"Oh, pole, kipenzi. Sikujua." Na kweli alikuwa hajui, alikuwa na korido nzima inayomngoja, na moyo mzuri. Edna alitafuta namna ya kumchukia, akakosa.

Wakaondoka majirani kama walivyokuja, mmoja mmoja, ila safari hii bila kuagana. Majani ya chai ndiyo yaliyotangulia. Halafu buli. Halafu birika, na siku Edna alipogundua kwamba birika halipo tena alikaa ndani ya basi akapitiliza kituo chake.

Mwishoni mwa majira ya baridi alifunga buli lao la nyumbani kwenye taulo, akalivisha kofia ya sufu ya kutunza joto la chai, aliyoifuma mwenyewe, akalitia kwenye mfuko wa sokoni pamoja na vikombe viwili vya kaure. Alitaka kumfundisha mkono wa kushoto. Aliomba maji ya moto. Mkuu wa nyumba akamweleza kwa heshima kwamba maji ya moto hayaruhusiwi vyumbani, watu huungua.

"Nimewahi kusema hivyo hivyo," Edna akajibu, na yule mama hakuelewa.

Akalipanga buli tupu mezani. Akasimama nyuma ya kiti cha mumewe, akamshika mkono wa kushoto, akavifunga vidole vyake kwenye mpini, akauinua pamoja naye.

"Haya, mzee. Wewe ndiye unamimina leo. Nimiminie mimi."

Mkono ukashika. Edna akamwachia. Wilf peke yake akainamisha buli juu ya kikombe cha mkewe, ulimi nje kwa kujitahidi, taratibu, bila kumwaga, maana hapakuwa na cha kumwaga. Alipoona imetosha akaliinua, akalitua. Akachungulia ndani ya kikombe kwa muda mrefu.

"Chororo," akasema.

Edna hakujua kama ilikuwa ni mzaha, au kumbukumbu ya siku ile alipozaliwa Hazel, au ni jirani wa mwisho tu aliyechelewa kuhama. Alimtafuta usoni asipate kitu. Akavuta kiti, akakaa. Akakinyanyua kile kikombe kitupu kwa mikono miwili, akanywa mpaka mwisho.

"Imekolea," alisema. "Imekolea vizuri sana, Wilf."

Lakini magurudumu ya kigari yalikuwa yamesikika kwenye korido, na Wilf alikuwa ameshageuza uso mlangoni, mkono wa kushoto wazi juu ya meza, akingoja.